Kikaango cha chuma: moto kwanza, mwiko baadaye

Somo hili ni la wenye vikaango vya chuma cha kusubu, vile vizito vinavyotengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa kwenye kalibu. Niwatoe hofu mapema: mwiko wa chuma hauharibu kikaango hiki. Kinachokiharibu ni kulowekwa, na kinachogandisha chakula mara nyingi ni haraka ya mpishi.

Hatua ya 1: Utando

Ule weusi unaong'aa si rangi. Ni mafuta yaliyopata joto kali hadi molekuli zake zikaungana na kuwa utando mgumu ulioshika kwenye chuma. Kuutengeneza, osha kikaango, kikaushe kabisa, kisha kipake mafuta ya kupikia ndani, nje na kwenye mpini. Halafu chukua kitambaa kikavu uyafute yote unayoweza kuyafuta, kinachobaki kinatosha. Kifudikize ndani ya oveni ya nyuzi 230 za Selsiasi kwa saa moja, kisha kiache kipoe humohumo. Rudia mara tatu au nne. Mafuta yakiachwa mengi, utando utanata. Mafuta ya kitani yanasifiwa sana, lakini mimi siyapendi: utando wake ni mzuri kwa macho ila hubanduka kwa urahisi.

Hatua ya 2: Moto

Chuma hiki husambaza joto polepole kuliko alumini, ila kikishapata moto hukaa nao. Ukikiweka kwenye moto mkali ghafla, katikati kutaungua huku pembeni kukiwa bado baridi. Anza na moto mdogo, ongeza hadi wa wastani, ukipe dakika 5 hadi 10. Ndipo mafuta, ndipo chakula. Nyama ikiwa bado imeshika, usiing'ang'anize. Ikishapata rangi upande wa chini, huanza kuachia yenyewe.

Hatua ya 3: Vyombo vya kugeuzia

Hapa ndipo penye ubishi mwingi. Chaguo langu la kwanza ni mwiko bapa wa chuma cha pua, ukingo wake umenyooka na pembe zake zimeviringwa. Unapita chini ya chakula bila kukichana, na kadiri unavyoutumia unakwangua vipande vidogo vya utando vilivyoinuka, sakafu ya kikaango ikazidi kuwa laini. Wenye pembe kali ndio wa kuogopa, kwa sababu huchora mistari.

Mwiko wa mbao ni mzuri kwa kukoroga na kukwangua mchuzi, ila kwa kugeuza yai huwa mnene mno. Silikoni inafaa, mradi usome kiwango chake cha joto. Nailoni iweke mbali: kikaango kilichopata moto sana hufika joto la kuyeyusha ukingo wake, na hutaki kuula. Usisahau kitambaa kikavu cha kushikia mpini. Kikiwa na unyevu, joto hupenya haraka.

Hatua ya 4: Kuosha

Osha kikiwa na uvuguvugu, kausha juu ya moto mdogo, paka tone la mafuta. Maji baridi kwenye chuma cha moto yanaweza kukipasua.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niliambiwa sabuni ni mwiko kabisa. Ni kweli?*
Hapana. Onyo hilo lina mantiki kwa sabuni kali zenye magadi makali, ambayo hula utando. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu, haina shida.

*Nilipika mchuzi wa nyanya, ukawa na ladha ya chuma. Nimekosea wapi?*
Ni tindikali ndugu yangu, tena ikikaa muda mrefu motoni. Nyanya za kumalizia hazina neno, lakini mchuzi wa saa nzima upike kwenye sufuria nyingine.

*Changu kimeota kutu chote. Nikitupe?*
Usikitupe! Sugua kwa waya wa kusugulia hadi kutu yote iishe, osha, kausha papo hapo, kisha rudi hatua ya 1.

*Na kilichopakwa enameli je, mwiko wa chuma unafaa?*
Hapo hapana, dada. Enameli ni aina ya kioo. Chuma huichora na kuibandua, na ikibanduka hairudishwi kwa mafuta. Tumia mbao au silikoni.