Choo cha paka ndani: maranda sawa, karafuu hapana

Jamani wenye paka wa ndani, hasa mnaokaa ghorofani kama kule Michenzani, Unguja, paka hana hata pa kufukua, huo mchanga wa pwani achaneni nao, una chumvi na chumvi inavuta unyevu, ikija masika haukauki na harufu inajaa nyumba nzima. Nendeni kwa fundi seremala mkaombe maranda, lakini ya mbao kavu zisotiwa dawa wala rangi, na myachekeche kwanza maana lile vumbi laini linamsumbua paka, anapiga chafya tu. Tieni kwenye beseni pana, kina kama vidole vitatu, akiingia aweze kugeuka na kufukia.

Na hili ndo kubwa, msitie karafuu wala mafuta yake eti kukata harufu. Najua kwetu karafuu ipo kila nyumba lakini kwa paka ni sumu, ini lake haliwezi kuivunja, na akitoka humo anajilamba miguu. Dawa ya harufu ni kuzoa kinyesi kila siku, na hapo kuna faida nyengine, vijidudu vya toksoplazma, maradhi ya paka yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, vikitoka na kinyesi vinahitaji angalau siku moja ndo viweze kuambukiza. Hata hivyo mwenye mimba asiguse, amwachie mwengine. Beseni lioshwe kwa sabuni na maji moto likaanikwe juani, jiki hapana, ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya ya kuumiza kifua.