Namna ya kupanga sehemu ya familia kanisani

Wiki iliyopita usharika jirani walituita tuwasaidie kupanga sehemu ya kukaa familia zenye watoto wadogo ibadani. Naandika tulivyofanya, maana kwetu jambo hili lilitusumbua karibu mwaka mzima.

1. Pata kibali cha mchungaji na baraza la wazee.

2. Chagua mahali. Hapa ndipo tulipopotea. Tulianza na benchi mbili za nyuma, mlangoni, tukidhani tunawarahisishia kina mama kutoka mtoto akilia. Kumbe mtoto wa miaka minne akikaa nyuma anaona migongo mitupu, na mlango nao unamwita. Tukawahamishia mbele, upande wa kwaya. Balaa! Spika ilikuwa hatua tatu kutoka kwa vichanga. Ikikoroma, wote wanaangua kilio. Mwishowe tukaenda upande wa mimbari: benchi ya kwanza tukaitoa, tukatandika mkeka, wazazi wakakaa ya pili na ya tatu.

Kwa hiyo kabla hujabeba benchi yoyote, chuchumaa hapo. Madhabahu unaiona? Mtoto akibatizwa utamwona? Angalia pia mlango wa pembeni wa kwendea chooni, la sivyo mama atakatiza kanisa zima huku macho yote yakimsindikiza. Kama hakuna mlango huo, afadhali benchi za pembeni, usawa wa katikati ya kanisa, kuliko mbele kabisa. Na mkeka uwe wa ukindu. Wa plastiki unachakarika, tena huchagua wakati wa maombi.

3. Kaa na wazee wa zamu. Mmoja wetu alizoea kumgusa mama begani na kumnong'oneza, "Mtoe nje." Mama mmoja hatukumwona Jumapili tatu. Siku hizi mzee huyohuyo husema, "Mwanangu, nipe mjukuu wangu nimshike kidogo."

4. Andaa mfuko: karatasi, kalamu za rangi za nta, vitabu vya picha vya kitambaa. Pipi sizitaki, mkeka unanata, na aliyekosa analia. Simu ndiyo kabisa.

5. Watoto wa shule ya Jumapili watoke wakati wa mahubiri, warudi kabla ya sadaka, kila mmoja atoe yake kwa mkono wake. Walimu wawe wawili kila darasa, asibaki mmoja peke yake na watoto.

6. Wape kazi. Sisi KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) tuna Sikukuu ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba: wanasoma masomo, wanaongoza ibada, kanisa linapiga vigelegele. Jumapili inayofuata wamerudi kuwa watazamaji. Chagua msomaji mmoja kila mwezi, mpe somo tangu Jumatano, Jumamosi ajaribu kipaza sauti. Atahitaji kigoda ili aonekane. Chetu fundi alikichonga kutoka ile benchi ya kwanza.