Kumtayarisha Mtoto kwa Skuli: Mambo ya Kufanya Nyumbani Tangu Kuzaliwa hadi Darasa la Kwanza

Hapa Unguja na Pemba mtoto hutarajiwa kuingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 6, baada ya miaka miwili ya maandalizi ambayo Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiingiza katika elimu ya lazima. Wazazi wengi hudhani kwamba matayarisho huanza siku mtoto anaponunuliwa mkoba, na kipimo chao huwa kimoja tu: anaweza kusoma herufi kwa ghibu kuanzia A hadi Z au hawezi. Kipimo hicho kinapotosha. Mtoto aliyezihifadhi herufi zote lakini hawezi kumwambia mwalimu kwamba anataka kwenda chooni, wala hawezi kukaa akasikiliza hadithi mpaka mwisho, atapata taabu kubwa kuliko mwenzake asiyejua herufi hata moja lakini anazungumza vizuri, anajihudumia na anajua kungoja zamu yake. Kwa hiyo mwongozo huu, baada ya chakula, unaanza na ulimi na sikio, unafuata mkono, na kalamu inakuja mwisho.

Tangu kuzaliwa hadi miaka 2

Matayarisho ya mwanzo ni chakula. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aongezwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Uji mtupu haumtoshi. Utiwe dagaa waliokaushwa na kutwangwa, na mlo wake uwe na mchicha au kisamvu, boga, kunde au choroko, vitu ambavyo havihitaji fedha nyingi na vinapatikana katika kila soko letu. Jambo moja lisemwe bila kuonea haya, kwa kuwa ni mazoea ya nyumba nyingi: chai si kinywaji cha mtoto mdogo. Chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma, na mtoto aliyepungukiwa na damu huwa mchovu, hachezi na hashiki anachoambiwa, hata baadaye akaitwa mvivu ilhali ni mgonjwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kadi ya kliniki ifuatwe: chanjo ya surua katika miezi 9 na kurudiwa katika miezi 18, matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 kuanzia umri wa miezi 6, na dawa za minyoo baada ya kutimiza mwaka. Akianza kutembea nje avishwe viatu, kwa kuwa minyoo ya safura huingia mwilini kupitia nyayo.

Pamoja na chakula, mtoto huyu anahitaji maneno. Mama anayekuna nazi anaweza kumweleza kila anachokifanya: sasa nakuna, sasa natia maji, sasa nakamua tui. Mtoto anapojibu kwa sauti zake zisizo na maana, ajibiwe kana kwamba amesema jambo kamili, kwa sababu hivyo ndivyo anavyojifunza kwamba mazungumzo yana zamu. Simu haiwezi kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa simu husema tu na haimsikilizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kumweka mtoto wa mwaka mmoja mbele ya skrini, na kwa wenye umri wa miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Miaka 2 na 3

Huu ndio umri ninaowaomba wazazi wauangalie kwa makini kuliko wote, na ndio unaopuuzwa kuliko wote, kwa sababu mtoto bado hajaenda popote na anaonekana ni wa kuchezacheza tu. Msikilizeni mtu mzima anavyozungumza na mtoto wa umri huu kwa siku nzima: njoo, kaa, nyamaza, usishike, toka hapo. Amri ni lazima, lakini mtoto anayelelewa kwa amri peke yake hujifunza kutii maneno na hajifunzi kuyatumia. Kwa kila amri ongezeni swali linalohitaji jibu la zaidi ya ndiyo na siyo: kwa nini paka amekimbia, leo bibi amepika nini, ungependa tupite njia ipi.

Jioni irudishiwe kazi yake ya zamani. Bibi akianza kwa "Paukwa!" na mtoto akaitikia "Pakawa!", hapo tayari mtoto anajifunza kutulia, kufuata mfuatano wa matukio na kukumbuka nani alifanya nini, na hayo matatu ndiyo yatakayotakiwa darasani. Hadithi ileile ikisimuliwa mara kumi si hasara. Mara ya kumi na moja muachieni yeye aisimulie. Vitendawili navyo vinafaa kuanzia miaka 3, kwa kuchagua vile vya vitu anavyovijua. Mtoto anayetegewa "nyumba yangu haina mlango" na akafika mwenyewe kwenye yai amefanya kazi kubwa ya akili.

Halafu kuna mchezo ambao hauhitaji kitu chochote. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto ambaye sikio lake limezoea kuzigawa silabi hupata wepesi mkubwa atakapoanza kusoma. Pigeni makofi kwa kila silabi ya jina lake. Mwambieni alete kutoka jikoni kitu kinachoanza na "ki", naye ataleta kijiko, kikombe au kifuu. Kesho iwe "ma". Hakuna herufi inayoandikwa hapa, na haitakiwi iandikwe.

Wapo wazazi wa Makunduchi, Tumbatu na vijiji vya Pemba wanaomkataza mtoto asiseme lahaja ya kwao kwa kuogopa kwamba atachekwa skuli. Hofu hiyo naifahamu, lakini dawa yake si kumnyamazisha. Mtoto azungumze kwa wingi lugha ya nyumbani, na asikie pia Kiswahili sanifu katika hadithi na redioni. Hana shida ya kubeba namna mbili za kusema. Anayepata shida ni yule aliyezuiwa kusema kabisa. Nawaambia hivyo hivyo wanaokimbilia kumsemesha mtoto Kiingereza cha kuokoteza kabla hajaweza kueleza jambo kwa Kiswahili.

Katika umri huu pia afundishwe kwenda chooni mwenyewe, kuchamba na kuosha mikono kwa sabuni. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumshughulikia kila mmoja wao, na mtoto anayeona haya huzuia haja mpaka aende nyumbani.

Miaka 4 na 5

Sasa anaingia maandalizi, na mara nyingi chuoni pia, yaani madrasa ya Kurani. Pale ambapo skuli ya maandalizi iko mbali, ulizieni kituo cha Tucheze Tujifunze, maarufu kwa jina la TUTU, utaratibu ulioanza kwa masomo ya redio yenye nyimbo na michezo. Skuli na chuo kwa siku moja vinawezekana, ila mtoto apate saa ya kucheza kati yake na alale mapema. Mtoto wa miaka 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, ukihesabu na wa mchana. Kwa hiyo anayeamshwa saa 12 asubuhi inafaa awe amelala saa 2 usiku, hata kama sebuleni kuna wageni.

Mkono unatayarishwa kwa kazi za nyumbani kabla ya penseli. Mama anayesuka ukili wa mkeka ampe milala michache naye ajaribu. Vidole vitakavyoweza kufuata mpango wa kusuka vitaweza kufuata mstari wa buku. Ampe donge la unga alikande na kulisukuma pembeni ya chapati. Mchezo wa mdako, wa kurusha kokoto moja juu na kuzizoa nyingine kabla haijashuka, hufundisha jicho, mkono na hesabu kwa pamoja. Kule Pemba, karafuu zinapochambuliwa jioni, mtoto akae karibu atenge makonyo, yaani vijiti vyake, upande wake kwa dakika chache, kwa kuwa kutenganisha vitu kwa aina ni mwanzo wa hesabu. Dakika chache, nasema. Msimu wa karafuu usiwe sababu ya mtoto kukosa skuli, kwani wiki mbili za utoro katika umri huu humrudisha nyuma sana.

Kuhesabu kwa mdomo hadi 20 ni wimbo tu mpaka idadi ikutane na vitu. Mwachieni agawe tende wakati wa kufuturu, tatu kwa kila mtu, na akipungukiwa asisaidiwe haraka. Apange sahani kwa idadi ya watu waliopo.

Kuingia darasa la kwanza

Miezi michache kabla ya Januari, hakikisheni cheti cha kuzaliwa kipo; kama hakipo, kifuatilieni mapema kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Mpimeni macho na masikio, hasa mtoto aliyewahi kutoka usaha masikioni au anayezoea kusogelea televisheni. Hapo ndipo kalamu ipewe nafasi yake: aandike jina lake, asome irabu, kisha silabi nyepesi, kwa robo saa kwa siku na si zaidi.

Ulizieni skuli ina mikondo mingapi, yaani zamu za asubuhi na mchana, kwa kuwa mtoto wa mkondo wa mchana hutakiwa kula na kupumzika kwa saa tofauti. Mvisheni sare nyumbani siku kadhaa ili ajifunze kufunga vifungo, kuvaa mtandio au kofia na kuvua viatu bila msaada. Tembeeni naye njia yote ya kwenda skuli, mumwoneshe mahali pa kusimama kabla ya kuvuka barabara na penye bwawa au kijito asichotakiwa kuingia, kwa sababu kichocho huambukizwa kwenye maji hayo.

Msimtishe kwa mwalimu. Mtoto aliyeambiwa mwaka mzima kwamba akileta utundu atapelekwa skuli akachapwe hawezi kufurahia siku ya kwanza. Siku hiyo muageni waziwazi, mkamwambie nani atakuja kumchukua, na msimtoroke akiwa ameangalia kwingine. Akirudi, msianze kwa kuuliza amejifunza nini, maana wengi hujibu kwamba hawakufanya kitu. Muulizeni alikaa karibu na nani, na mmwache aseme mpaka amalize.