Kabla hujatuma andiko lako

Barua pepe iliingia usiku: "Kwa Profesa Mashuhuri." Profesa gani? Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili hapa Dodoma, nina andiko moja tu, la wakulima wa zabibu Chamwino. Jarida lililonialika lilichapisha uuguzi na uhandisi kwa pamoja. Nikatuma hivyo hivyo. Siku ya nne likakubaliwa bila kuguswa hata koma, na ankara ya dola 150 nyuma yake.

Ukaguzi wa jarida, kama ni la kweli au la matapeli, ufanye kabla ya kutuma, maana ukishatuma umejifunga. Andiko moja haliruhusiwi kuwa kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja, na matapeli wengine hukudai hela hata ya kuliondoa.

Mimi siku hizi naanza na watu. Chukua majina mawili matatu ya bodi ya wahariri, yatafute kwenye tovuti za vyuo vyao, uwaandikie kwa anwani ya huko, si ile iliyo kwenye jarida. Wengine hawana habari kwamba wamo. Kisha soma makala mbili za fani yako kutoka matoleo ya nyuma. Zikikuchekesha, achana nalo.

Ada peke yake si dalili ya utapeli. Majarida mengi ya heshima yaliyo wazi kwa wasomaji wote hutoza, na baadhi husamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini, ila uombe mapema. La kuogopa ni ada inayojitokeza baada ya kukubaliwa.

ISSN, ile namba ya utambulisho wa jarida, nayo isikubabaishe. Ni kama namba ya gari: haikuambii breki zinashika. Litafute jarida wewe mwenyewe ndani ya DOAJ (orodha ya mtandaoni ya majarida yaliyo wazi kwa wote) au AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika), kwa sababu nembo zao hunakiliwa, na wapo wanaonakili hata jina zima la jarida halali na kulifungulia tovuti bandia. Orodha ya mkutubi Jeffrey Beall, ya majarida aliyoyashuku kuwa ya kitapeli, bado inatajwa vijiweni, lakini mwenyewe aliiondoa mtandaoni Januari 2017.

Na kama umeshatuma? Usilipe, usisaini fomu ya hakimiliki. Andika kwamba unaliondoa andiko, tunza nakala, mwambie msimamizi wako siku hiyo hiyo. Mimi niliona aibu, nikanyamaza. Wakalichapisha bila hata kulipwa, na jina langu wamelikosea herufi mbili.