Namna ya Kutangaza Kazi Nchini Marekani Kabla ya Kumdhamini Mfanyakazi wa Kigeni

Mwajiri wa Marekani anayetaka kumdhamini mfanyakazi wa kigeni apate ukaazi wa kudumu kwa njia ya kazi, kwa nafasi nyingi haanzi na Idara ya Uraia na Uhamiaji. Huanza na Wizara ya Kazi, ambako hutakiwa kuthibitisha kwamba kazi ile aliitangaza waziwazi, akawapokea kwa haki waombaji waliojitokeza, na hakumpata miongoni mwa wafanyakazi wa Marekani mtu mwenye sifa zinazohitajika na aliye tayari kuifanya katika eneo hilo. Utaratibu huo huitwa PERM na umetumika tangu tarehe 28 Machi 2005. Nauelezea hapa kwa ajili ya wenzetu wenye ofisi za uhasibu, zahanati, kampuni za kompyuta na biashara nyingine katika majimbo mbalimbali, kwa sababu sehemu ya matangazo huonekana nyepesi, ilhali maombi yakishapelekwa hayaruhusiwi kufanyiwa masahihisho. Tarehe ikikosewa, kazi yote huanza upya.

Viza ya muda ya H-1B, ile ya kazi za kitaalamu, ni jambo jingine. Mwajiri wa kawaida wa H-1B hutoa ilani mahali pa kazi bila kulazimika kutangaza gazetini. Masharti yanayofuata ni ya ukaazi wa kudumu, ule ambao wengi huuita grini kadi.

Sifa na mshahara kwanza

Kabla ya kuandika tangazo, kaa chini uandike kazi yenyewe ni ipi na kwa uchache inahitaji nini. Zingatia neno uchache, kwani sheria inataka sifa ambazo kazi haiwezi kufanyika bila hizo, wala si sifa zote alizonazo mtu unayemkusudia. Ikiwa ulimwajiri akiwa na uzoefu wa miaka 2, huwezi kumdai mwombaji mwingine miaka 5. Na ujuzi alioupata akiwa kwako hauhesabiwi kwa kawaida, isipokuwa aliupata katika nafasi iliyokuwa tofauti kweli na hii.

Lipo suala la lugha ambalo linatuhusu sana. Zahanati inayohudumia wakimbizi kutoka Kongo inaweza kuona ni jambo la wazi kwamba mfanyakazi wake ajue Kiswahili, lakini Wizara ya Kazi huchukulia sharti la lugha ya kigeni kuwa ni la kuthibitishwa. Ama kazi yenyewe iwe ya lugha, kama ile ya mkalimani, ama uonyeshe kwamba walio wengi sana kati ya wateja, wakandarasi au wafanyakazi wako hawawezi kuelewana vizuri kwa Kiingereza, na ueleze ni kwa nini mwenye nafasi hiyo hukutana nao mara kwa mara. Kwa hiyo hesabu wagonjwa wako, andika wangapi huhitaji Kiswahili na ni sehemu gani ya wote, na uihifadhi hesabu hiyo. Usipoweza kuhesabu, liondoe sharti hilo kwenye tangazo.

Mshahara nao haupangwi kwa makisio. Mwajiri huomba kwa fomu ETA-9141 apewe kiwango cha mshahara wa soko kwa kazi ya namna hiyo katika eneo hilo, na mshahara atakaoutoa hauwezi kuwa chini ya kiwango hicho. Majibu huchukua miezi, na kiwango kinachotolewa huwa na tarehe ya mwisho wa kutumika: sharti uanze matangazo, au upeleke maombi, kabla haijapita. Wengine hutangaza wakiwa bado wanasubiri. Sheria haikatazi, ila kiwango kikija juu ya mshahara uliokwisha kuuandika, tangazo hilo halikufai tena.

Mahali pa kutangaza

Kwa kila kazi yanatakiwa matangazo ya lazima ya aina mbili. La kwanza ni tangazo katika wakala wa ajira wa jimbo ambamo kazi itafanyika, nalo likae siku 30. La pili ni tangazo la gazeti linalosomwa na watu wa kila aina katika eneo la kazi, litoke Jumapili mbili tofauti. Jumapili hizo zinaweza kufuatana, na gazeti linaweza kuwa lile lile. Mahali pa mashambani pasipo na gazeti la Jumapili, hutumika toleo la siku linaposomwa zaidi. Kazi inayohitaji uzoefu pamoja na shahada ya juu, ambayo kwa desturi hutangazwa katika jarida la taaluma, inaruhusiwa kuweka tangazo moja huko badala ya Jumapili moja.

Kazi za kitaalamu, zile ambazo kwa kawaida huhitaji angalau shahada ya kwanza, huongezewa njia 3 za kuchaguliwa kati ya 10. Miongoni mwake zimo tovuti ya mwajiri mwenyewe, tovuti ya ajira ya kampuni nyingine, maonyesho ya ajira, chama cha wanataaluma, wakala binafsi wa ajira, mpango wa kuwatuza wafanyakazi wanaoleta waombaji, redio au televisheni, na magazeti ya mtaa au ya jamii fulani. Kwa mwenye biashara ndogo, ningeshauri tovuti yake, tovuti moja ya ajira inayojulikana na gazeti la mtaa, kwa kuwa ushahidi wake hupatikana kwa urahisi. Mpango wa kutuza wafanyakazi usiuchague kama haupo kwa maandishi.

Pamoja na hayo ipo ilani ya ndani, ambayo husahauliwa kwa sababu haina gharama. Ibandike mahali ambapo wafanyakazi huiona, kama pale penye mabango ya sheria za mshahara, kwa siku 10 za kazi mfululizo, na uitangaze pia kwa njia unazotumia kwa kawaida kutangazia wafanyakazi wako nafasi nyingine. Ilani hii, tofauti na tangazo la gazeti, lazima itaje mshahara, ieleze kwamba inatolewa kwa sababu ya maombi ya cheti cha kazi cha mgeni (ndicho cheti kinachoombwa Wizarani kwa njia ya PERM), na itoe anwani ya afisa wa Wizara ambaye mtu yeyote anaweza kumpelekea ushahidi kuhusu maombi hayo. Wakiwa na chama cha wafanyakazi kinachowawakilisha, ilani hupelekwa kwa chama.

Maneno ya tangazo

Tangazo la gazeti litaje jina la mwajiri, liwaelekeze waombaji watume wasifu au wafike kwa mwajiri, liieleze kazi kiasi cha msomaji kuielewa, na litaje eneo ambamo itafanyika. Lisiwe na sifa zisizokuwemo katika fomu ya maombi, wala mshahara ulio chini ya ule wa soko, wala masharti mabaya kuliko yale anayopewa mgeni. Kwa Kiswahili, tangazo dogo linalotosha lingesomeka hivi:

"Mhasibu. Kampuni (jina), Columbus, Ohio. Kutayarisha hesabu za kila mwezi na ritani za kodi za wateja. Shahada ya kwanza ya uhasibu na uzoefu wa miaka 2. Tuma wasifu kwa (barua pepe au anwani ya kampuni)."

Hakuna kilichopungua humo. Sasa ongeza maneno "husafiri mara kwa mara kwa wateja" wakati mhasibu wako hasafiri, na tayari umewafukuza baadhi ya waombaji kwa sharti lisilokuwepo. Na ikiwa kweli husafiri, lakini tangazo halikusema, mwombaji atakuwa hakujua kazi anayoiomba. Sheria ya shirikisho hailazimishi mshahara kutajwa gazetini. Hata hivyo, majimbo kama Colorado, California, Washington, New York na Minnesota yana sheria zake za kutaja viwango vya mshahara katika matangazo ya kazi, hivyo angalia sheria ya jimbo lako.

Njia ya kuomba iwe ile ile unayoitumia kwa kazi zako nyingine. Hili limezigharimu hata kampuni kubwa. Mnamo Oktoba 2021 Facebook ilikubaliana na serikali ya Marekani kulipa faini ya dola milioni 4.75 na kutenga hadi dola milioni 9.5 kwa walioathirika, baada ya kudaiwa kwamba nafasi za PERM haikuziweka katika tovuti yake ya ajira na iliwataka waombaji watume maombi kwa posta. Mnamo Novemba 2023 Apple nayo ilikubali kulipa hadi dola milioni 25 kwa madai ya namna hiyo. Ikiwa waombaji wako wote hutuma wasifu kwa barua pepe, na wa nafasi hii pia watume kwa barua pepe.

Hesabu ya siku

Maombi hupelekwa baada ya siku 30 kupita tangu hatua za lazima zimalizike, na kabla ya siku 180 kupita tangu hatua ya mwanzo ianze. Kati ya zile njia 3 za nyongeza, moja tu inaweza kuangukia ndani ya siku 30 za mwisho kabla ya kupeleka maombi. Chukua kalenda. Tuseme gazeti limetoka Jumapili ya tarehe 1 Machi 2026 na ya tarehe 8 Machi, ilani imebandikwa kuanzia Jumatatu tarehe 2 hadi Ijumaa tarehe 13, na tangazo la jimbo limekaa kuanzia tarehe 2 Machi hadi 2 Aprili. Hatua iliyochelewa kwisha ni ya jimbo, kwa hiyo subiri mpaka tarehe 2 Mei ipite. Jumatatu ya tarehe 4 Mei uko salama. Upande wa pili, Jumapili ya kwanza ndiyo inayokufunga, na siku 180 kutoka hapo ni tarehe 28 Agosti. Ikipita, tangazo lile la tarehe 1 limezeeka na unalirudia.

Waombaji wanapokuja

Hapa ndipo ninapowaomba wenzetu wawe waangalifu kuliko pengine pote. Mfanyakazi wa Marekani, kwa maana ya sheria hii, si raia peke yake: yumo mkaazi wa kudumu, yumo mkimbizi aliyepokelewa rasmi, na yumo aliyepewa hifadhi. Mkongo aliyeletwa kutoka kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania kama mkimbizi, mwenye shahada ya uhasibu na miaka yake 2 ya uzoefu, ana haki ile ile na mzaliwa wa Ohio. Akiomba na ana sifa, huwezi kumpita, na maombi ya nafasi hiyo hayawezi kuendelea.

Soma kila wasifu unapofika, mpigie simu au mwandikie mwenye nao mapema, na uandike tarehe. Usimkatae mtu kwa kukosa ujuzi ambao angeupata kwa mafunzo ya muda mfupi kazini. Wakili wako asiwahoji wala kuwachuja waombaji ikiwa si kawaida yake kufanya hivyo kwa kazi zako nyingine, na mgeni anayedhaminiwa asihusike kabisa. Akiwa ni ndugu yako, mpwa au shemeji, taja undugu huo katika fomu ETA-9089, ndiyo fomu ya maombi ya PERM, na uwe tayari kuthibitisha kwamba kazi ni ya kweli na ilikuwa wazi kwa kila mtu. Ikiwa uliwapunguza wafanyakazi wa kazi hiyo au inayofanana nayo katika eneo hilo ndani ya miezi 6 kabla ya kupeleka maombi, wajulishe na uwafikirie. Mwishoni mwajiri huandika na kutia sahihi ripoti inayoeleza hatua zilizochukuliwa, idadi ya waliokataliwa na sababu halali za kazi zilizowakatalisha.

Gharama za matangazo, na za wakili wa mwajiri katika hatua hii, ni za mwajiri. Tangu tarehe 16 Julai 2007 ni marufuku kumlipisha mfanyakazi, iwe kwa fedha taslimu, kwa kumkata mshahara au kwa makubaliano ya pembeni. Kumkata kidogo kidogo mtu ambaye karatasi zake zimo mikononi mwako ni dhuluma, hata kama mwenyewe amekubali.

Wasiohitaji njia hii yote

Wauguzi waliosajiliwa na wataalamu wa fiziotherapia wameondolewa katika matangazo. Hospitali inayomdhamini muuguzi kutoka Kenya hupata kiwango cha mshahara, hubandika ilani ya ndani, kisha hupeleka karatasi moja kwa moja kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji pamoja na fomu I-140, yaani ombi la mwajiri la kumdhamini mgeni. Chuo kikuu kinachomdhamini mwalimu, tuseme wa Kiswahili, kinaweza kutumia tangazo moja katika jarida la taaluma la kitaifa na kumchagua aliye bora zaidi kati ya waombaji, mradi maombi yapelekwe ndani ya miezi 18 tangu alipochaguliwa.

Jalada

Tangu siku ya kupeleka maombi, ushahidi wote hutunzwa miaka 5. Wizara inaweza kufanya ukaguzi, na barua yake ikifika mwajiri hupewa siku 30 za kujibu. Weka kurasa nzima za gazeti zenye jina na tarehe, uthibitisho wa wakala wa jimbo wa kuanza na kumaliza, ilani iliyotiwa sahihi na aliyeibandika na kuibandua, wasifu wa kila mwombaji na maelezo ya mazungumzo naye. Tovuti ipigiwe picha ya skrini siku ya kwanza na siku ya mwisho, tarehe ikionekana, kwa kuwa tovuti nyingi za ajira hulifuta tangazo lililokwisha muda, na hapo hakuna wa kulirudisha.