Ukibadilishiwa kifaa chenye waranti, namba mpya iandikwe

Simu, friji au pasi ikifa ndani ya waranti na ukapewa nyingine, usitoke dukani kabla muuzaji hajaandika kwenye kadi ya waranti tarehe ya kubadilisha, namba ya kifaa kipya, na siku waranti yake inapoisha. Kisha agonge muhuri. Kwa simu, bonyeza *#06# mbele yake, IMEI (namba ya utambulisho ya simu) itokee, ainakili hapo hapo. Sababu ni kwamba kadi yako bado ina namba ya kile cha zamani. Hiki cha pili kikizingua utaambiwa "hii siyo tuliyokuuzia" na huna pa kushika. Suala la muda ndilo wengi hulipita. Usidhani waranti inaanza upya. Mara nyingi unapewa muda uliobaki tu. Apple, kwa mfano, hutoa muda uliobaki au siku 90, ule ulio mrefu zaidi. Piga picha kadi pamoja na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), maana maandishi ya risiti hizo hufifia (iache juu ya dashibodi ya gari uone). Kwa Tanzania, duka likigoma, hivyo ndivyo vielelezo vya kupeleka Tume ya Ushindani, FCC. Lakini kama kifaa kimeingia maji, au fundi wa mtaani ameshakifungua na stika ya waranti imechanika, muhuri huo hautakuokoa.