Kuzuia kuhara kwa watoto wa nguruwe kwa bakteria rafiki na uji uliochacha

Probayotiki ni bakteria rafiki ambao mnyama hupewa wakiwa hai, ili washike nafasi kwenye utumbo kabla wale wa maradhi hawajajaa. Kazi yao ni kinga. Mtoto wa nguruwe anayehara maji leo haponywi na mtindi, na anayengoja mpaka mikia ilowe ndipo akoroge ndoo ameshachelewa.

Maelezo haya yanamfaa mfugaji wa Tabora au jirani yake wa Kigoma mwenye majike 1 hadi 5, anayejichanganyia chakula. Utahitaji ndoo 2 za plastiki za lita 20 zenye mifuniko, mwiko wa mbao, bomba la sindano lisilo na sindano, na karatasi za kupima pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka) kutoka duka la vifaa vya maabara. Chukua zile zenye rangi nyingi na namba. Litmasi ya shuleni, ya nyekundu na bluu, haitakuambia kitu hapa.

Hatua ya 1: Jua umri wa kuhara

Kuhara kwa siku 4 za kwanza mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye E. coli. Kukiwa na damu, shuku bakteria mwingine, Clostridium perfringens. Kati ya siku ya 7 na ya 14, kinyesi kikiwa laini cha rangi ya krimu au njano, huenda ni koksidia, vimelea vya utumbo ambavyo si bakteria, na hao hawajali probayotiki yoyote. Wana dawa yao. Kipindi cha tatu ni wiki ya kwanza na ya pili baada ya kuachishwa kunyonya. E. coli hurudi kwa nguvu, na hapo ndipo uji uliochacha unapolipa. Tumbo la mtoto bado linatengeneza asidi kidogo, maziwa ya mama yaliyokuwa yakimkinga yamekatika, na kuta za utumbo zimedhoofika kwa kukosa chakula siku mbili tatu. Uji wenye asidi unaingia kusaidia pale tumbo lenyewe halijaweza.

Hatua ya 2: Anza na mama

Watoto hupata bakteria wao wa kwanza kwenye kinyesi na chuchu za mama, kwa hiyo mama apewe probayotiki kuanzia wiki 2 kabla ya kuzaa hadi atakapoachisha. Hapa nunua unga wenye Bacillus subtilis au Bacillus licheniformis. Hawa hujifunga kwenye mbegu ngumu zinazostahimili joto. Unga wa Lactobacillus, bakteria wa jamii ya mtindi, usiotunzwa kwenye friji, ukakaa rafuni chini ya bati mwezi wa Oktoba, kwa kawaida umekufa kabla hujaulipia.

Soma paketi: jina la bakteria, idadi yao kwa gramu, tarehe ya mwisho. Kikikosekana kimoja, iache dukani. Lengo la kawaida ni bakteria kama bilioni 1 kwa kila kilo ya chakula. Paketi ikiwa na bilioni 1 kwa gramu, mama anayekula kilo 5 kwa siku apate gramu 5. Kama lebo ina kipimo chake cha nguruwe, fuata lebo.

Hatua ya 3: Siku ya kuzaliwa

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 6. Joto la mahali wanapolala watoto liwe nyuzi 32 hadi 34, na sindano ya madini ya chuma, miligramu 200, siku ya 3. Bila hivi usihangaike na bakteria. Mtoto akishashiba dang'a unaweza kumpa mililita 2 za maji ya mtindi uliochujwa, kwa bomba, pembeni mwa mdomo, taratibu asipaliwe.

Hatua ya 4: Ndoo ya uji

Hatua hii ndiyo inayoharibu watu, na huharibika kimyakimya kwa sababu uji mbaya na uji mzuri vinafanana kwa macho.

Unapochanganya unga na maji, bakteria wa kwanza kuchangamka si wale rafiki. Ni jamii ya E. coli iliyokuwa kwenye pumba na maji. Katika siku ya kwanza wanaongezeka sana, povu linatokea, harufu inaanza kubadilika, na mtu anafurahi kwamba "imechacha". Akilisha saa hiyo, amewapelekea watoto ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Wale rafiki, bakteria wa asidi ya laktiki, hushika ndoo baadaye, na wale wabaya hufa pH ikishuka chini ya 4.5. Kwa hiyo saa na povu visikuongoze. Pima. Ndoo mpya isilishwe mpaka isome 4.2 au chini yake.

Chachu ndiyo inayofupisha kipindi hicho cha hatari. Togwa inafaa kuliko mtindi: ni rahisi kupata, na bakteria wake wamezoea nafaka tayari. Pika lita 1 ya uji mwembamba wa mahindi, uache upoe hadi kidole kivumilie, tia vijiko 3 vya chakula vya unga wa kimea cha ulezi au mtama pamoja na vijiko 2 vya togwa ya zamani, funika usiku na mchana. Ukichagua mtindi, maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa. Maziwa mgando mabichi kutoka zizini huweza kuwa na vimelea vya ugonjwa wa kutupa mimba, vinavyokupata wewe unayekoroga. Na mtindi wa dukani uliopashwa moto baada ya kuganda hauna kitu hai ndani.

Kwa watoto 10, weka kwenye ndoo kilo 3 za unga wa mahindi wenye pumba laini, lita 7.5 za maji ya vuguvugu, na lita 1 ya togwa. Koroga, funika bila kubana. Gesi inatoka, mfuniko uliobanwa hufyatuka.

Maji ya bomba yana klorini, yakiwemo yale ya mradi wa Ziwa Victoria yanayofika Tabora mjini, Nzega na Igunga. Klorini inaua wageni uliowaalika. Kinga maji jioni, yaache wazi usiku kucha, yatumie asubuhi. Ya lambo au kisima kisichofunikwa, chemsha kwanza, yapoe.

Joto zuri ni nyuzi 25 hadi 30. Septemba na Oktoba ndoo yenye chachu nzuri inaweza kufika 4.2 ndani ya siku 1. Juni na Julai, usiku wa Tabora unaposhuka hadi nyuzi 15, inaweza kuchukua siku 3 au zaidi, na vimelea vya maradhi huishi muda mrefu kwenye uji wa baridi. Isogeze jikoni, izungushie gunia, na usiongeze maji baridi.

Kinachochachushwa ni nafaka peke yake. Wengi hutumbukiza chakula chote na dagaa na virutubisho, halafu wanashangaa watoto hawakui. Bakteria wa ndoo hula lisini (sehemu ya protini inayokuza mnyama) uliyoinunua kwa bei na kuigeuza kuwa vitu vyenye harufu mbaya vinavyowaondolea watoto hamu ya kula. Protini iingie dakika ya kulisha.

Ukisikia harufu ya pombe, hamira ya porini imetawala na inakula nguvu ya chakula. Anza upya kwa chachu nyingi zaidi. Utando mweupe mwembamba juu unaondolewa tu. Ukungu wa kijani, mweusi au wa waridi, mwaga ndoo nzima. Na mahindi yaliyoota ukungu hayatakaswi kwa kuchachushwa, sumukuvu inabaki palepale. Ndoo yenyewe isiwe iliyowahi kubeba dawa ya tumbaku, hata ukiisugua kwa majivu wiki nzima.

Ikifika 4.2, toa theluthi mbili za kulisha. Theluthi iliyobaki ndiyo chachu ya kesho: ongeza kilo 2 za unga na lita 5 za maji, pima tena kabla ya mlo unaofuata. Kwenye joto hurudi chini ya 4.5 ndani ya saa 8 hadi 12. Ndoo ya pili ni ya akiba, usiku ule ya kwanza ikigoma.

Hatua ya 5: Kulisha

Anza wiki 2 kabla ya kuachisha, vijiko vichache kwenye sahani pana ambayo mama haifikii. Kama unaweza kungoja, achisha kwenye wiki ya 8. Kuachisha wiki ya 4 ni kwa mwenye chakula maalumu cha dukani na banda lenye joto.

Kwenye kiasi kilichotolewa (kilo 2 za nafaka), changanya gramu 500 za soya iliyokaangwa na kusagwa, gramu 250 za dagaa na virutubisho kwa kipimo cha lebo. Soya mbichi huzuia protini kumeng'enywa. Mashudu ya alizeti na ya mise (kokwa za michikichi) yaache kwa mama, yana nyuzinyuzi nyingi mno kwa tumbo la mtoto. Dagaa waliokaushwa mchangani wapepete vizuri, na waliotiwa chumvi usitumie kabisa.

Huo ni mlo mmoja wa siku. Mwingine uwe wa kawaida, mkavu, na maji safi yawepo muda wote. Kilichobaki kwenye kihori baada ya saa 2 toa, osha. Makombo ya uji kwenye jua yanaoza yakijiita probayotiki.

Hatua ya 6: Wakianza kuhara hata hivyo

Zuia wasikaukiwe: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, wanywe wapendavyo. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari kilichopo Tabora hupokea sampuli. Peleka kinyesi kibichi kwenye ubaridi, kabla mtoto hajachomwa dawa.

Antibayotiki kama oksitetrasaiklini huua bakteria wako pamoja na wabaya. Usiwape vyote kwa pamoja; maliza dozi, kisha rudisha uji kwa siku 7 mfululizo. Na wakifa wakubwa kwa wadogo, wenye homa kali na ngozi nyekundu au ya zambarau masikioni na tumboni, acha ndoo. Hiyo huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Usichinje, usiuze, usihamishe hata mmoja, toa taarifa siku hiyo hiyo.